Pumzi Juu ya Mlango

Mlango umefungwa, na aliyeufunga yumo ndani.

Ndiyo, ni yuleyule mama mkwe. Juma lililopita tulimwacha na mkono wa kitasa kiganjani, umeng'oka na skrubu zake, anamtazama mkwewe kama mtoto aliyevunja sahani. Alitaka tu kuona mlango unavyopendeza ukifungwa. Akaubamiza. Basi.

"Vuta, mama," akasema Fundi Gome.

"Nivute nini? Tundu?"

Wakavuta wote wawili kwa kucha, kwa kanga, kwa mkanda wa begi. Mlango haukutikisika hata chembe. Ungedhani umeota mizizi.

Aliyetufikia leo kwa mara ya kwanza asipotee njia. Fundi Gome ni mjane anayetengeneza samani za miti isiyorandwa: vitanda vya magogo, meza za mashina, viango vya makoti vya matawi, gome likiwa juu yake vilevile kama porini. Mumewe, Mashoto, alikuwa fundi wa milango, na jina hilo alilipata kwa mkono wake wa kazi. Mwaka jana rundo la magogo kando ya mto lilifungukiwa na mnyororo, likaporomoka, likamzoa. Mwili haukuonekana. Aliyeleta habari pamoja na koti lililolowa ni Bwana Magogo, mwenye kiwanda cha mbao.

Na kesho asubuhi Bwana Magogo anamwoa Fundi Gome.

Aliyepanga ndoa hiyo ni mama mkwe mwenyewe. "Mwanangu hayupo, wewe mpweke, mimi mzee, na yeye hakosi kuni," alisema, akaona ameyamaliza.

Sasa wamo ndani ya nyumba mpya ya magogo, ambayo Bwana Magogo ameijenga na Fundi Gome ameitia samani, juu ya kilima chenye misonobari, na mwenye nyumba anafika leo mchana kuitazama. Jiko la chuma limewashwa tangu asubuhi ili akute joto. Madirisha yana nondo. Na begi la vifaa liko barazani, nje.

"Mkwe, fanya haraka. Mimi mwenzio nimekunywa chai vikombe vingi."

"Subiri, mama. Nafikiri."

"Fikiri kwa mikono!"

Fundi Gome alikuwa ameinua macho juu ya mlango. Hapo, kati ya fremu na gogo la juu, aliweka ubao wa nakshi mwezi uliopita. Ndege wawili kwenye tawi moja, wamekaribiana midomo. Aliuchonga polepole wakati wa msiba, machozi yakiingia kwenye chengachenga. Hakuna kitu alichowahi kutengeneza kwa mkono wake akakipenda kama ule ubao.

Leo ubao umepinda kama upinde. Tumbo lake linaibana fremu, na fremu inaubana mlango.

Akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Nini tena?" mama mkwe akashtuka. "Nyoka?"

"Mimi. Nyoka ni mimi. Mama, mwanao aliniambia mara ngapi! Nyumba ya magogo hukaa. Magogo yakikauka yanasinyaa, nyumba nzima inashuka chini kama mtu aliyechoka. Ndiyo maana wajenzi wanaacha nafasi juu ya mlango, wanaijaza matambara. Alikuwa anaiita pumzi. 'Uache mlango upumue,' alisema."

"Na wewe?"

"Nilikuta pengo, nikaona uchafu. Nikaling'oa tambara, nikaziba kwa ndege."

Na hapo ndipo ulipo ugonjwa wa fundi wa viti. Akiona pengo, mkono unamwasha. Kiti chenye pengo ni aibu, kitanda chenye pengo kinalia mtu akijigeuza. Kumbe nyumba si kiti.

Wiki nzima mlango ulikuwa unakwaruza fremu juu na sakafu chini, yeye akilaumu bawaba. Leo jiko limekausha ukuta, na mama mkwe amemalizia kwa kishindo.

"Kwa hiyo tumefungiwa na ndege," akasema mama mkwe. "Wakubwa walituonya juu ya simba tu."

"Nitafute kitu cha kubanulia. Mguu wa kiti utafaa."

"Utavunja kiti? Mwenye nyumba anakuja!"

"Viti viko vingi. Nitachukua kile kibaya kuliko vyote."

Akaizunguka meza. Viti vyote ni vyake, kila kimoja anakijua kama mama anavyojua visigino vya wanawe. Hiki nilikikunja kwa mvuke. Hiki kilinikata kidole. Hiki...

Akasimama.

Hiki sikukitengeneza.

Kilikuwa kimesukumwa mwisho wa meza, karibu na jiko. Kiti cha matawi ya msonobari kama vingine, gome lake halijaondolewa. Akakigeuza juu chini. Hakukuwa na msumari hata mmoja. Kimefungwa kwa vijiti vya mti, kila kijiti kimechongwa kwa kisu kikapigiliwa kwenye tundu lake.

Akapitisha kidole kwenye kichwa cha kijiti. Halafu kingine. Halafu kiti chote.

Akakaa sakafuni.

"We mtoto!" mama mkwe akaja anachechemea na fimbo yake. "Usinifie humu ndani, mlango wenyewe haufunguki!"

"Mama. Shika hapa. Mimi nikichonga kijiti, kisu kinashuka hivi, kinaacha mteremko upande huu. Kila fundi ninayemjua ni hivi. Hivi vyote mteremko uko upande wa pili."

Mama mkwe alishika. Vidole vyake vya uzee vilikaa pale muda mrefu.

"Kushoto," akasema kwa sauti ndogo.

"Kushoto."

"Mwalimu wake alimchapa kwa ajili ya mkono huo. Nilikwenda shuleni na mwiko wa ugali, mpaka leo yule mwalimu akiniona anavuka barabara." Kisha akatikisa kichwa. "Ni kiti cha zamani, mwanangu. Alikitengeneza kabla. Usijitonese."

"Kinuse."

"Ninuse kiti?"

"Nusa, mama!"

Akainama akanusa. Utomvu ukamgusa pua, ukanata.

Mti uliokatwa mwaka jana hautoi machozi. Huu ulikuwa bado unalia kwa joto la jiko. Gome la ndani lilikuwa bichi kama mboga. Mti huu ulikuwa umesimama msituni juzijuzi, na mkono wa kushoto uliouchonga ni mkono wenye damu ya moto.

Wanawake wale wakatazamana.

Ndipo nje kukasikika trekta.

Lilikuwa linapanda kilima kwa kujikokota, na nyuma ya tela mnyororo ukigongagonga chuma. Fundi Gome akaziba masikio. Tangu siku ya mto hawezi kusikia mnyororo. Majirani huona ni huzuni, humsamehe.

Nyuma ya trekta likafuata gari dogo. Mlango wa gari ukafungwa. Viatu vikapanda barazani.

"Bibi harusi!" Sauti nene, ya furaha. "Mbona umejifungia? Unanikimbia kabla ya siku?"

Bwana Magogo.

Fundi Gome akamkamata mama mkwe mkono, akaweka kidole mdomoni. *Usiseme neno.* Akajikohoza, akaita kwa sauti ya kawaida: "Mlango umekwama! Nirushie begi langu dirishani, hapo barazani!"

"Haya, haya. Wanawake na milango." Wakasikia begi likiinuliwa, vyuma vikigongana. Hatua zikaja dirishani. Uso wake mpana ukatokea nyuma ya nondo, kofia pembeni, meno yote nje. Mkono wenye begi ukainuka.

Begi lilikuwa limebakiza shubiri.

"Mwanangu yuko wapi?" akasema mama mkwe.

Ah!

Begi likaganda hewani.

"Mama gani anauliza hivyo?" Bwana Magogo akacheka. "Mwanao tulimlilia pamoja, mama. Umesahau?"

"Sijasahau. Ulilia sana wewe. Ulilia kunishinda mimi niliyemzaa, nikasema huyu ana moyo." Akainua kiti kwa mikono yake iliyokonda, akakipiga chini mbele ya dirisha. "Na hiki amekitengeneza nani? Maji ya mto?"

Meno yakaingia ndani moja moja.

Akageuza shingo upande wa trekta. "Gia Moja!"

"Naam, bosi!" Ni dereva. Watu walimpa jina hilo kwa sababu hajawahi kuonekana akitumia ya pili.

"Nilikwambia viti vya kambi ya juu vinakwenda wapi?"

"Sokoni, bosi."

"Na hapa ulileta nini?"

"Vinafanana, bosi. Vyote vina magamba."

Bwana Magogo akashusha begi. Hakulipitisha dirishani. Alilitundika begani kwake, taratibu, kama mtu anayechukua mzigo wake mwenyewe.

"Basi na tuongee kiutu uzima," akasema, na furaha yote ilikuwa imekwisha kwenye sauti. "Yupo. Mguu mmoja haumfai. Nilimtoa mtoni mimi, nikamtibu mimi, anakula kwangu. Anatengeneza viti. Hakuna aliyemfunga kamba."

"Ukaniletea koti lake!" Fundi Gome alikuwa ameshika nondo kwa mikono miwili. "Nilizika koti! Watu walisimama, nikazika koti!"

"Nilikuwa nakutaka. Mtu akitaka kitu hupinda."

"Nifungulie."

"Kesho. Ukinijibu ndiyo mbele ya watu, yeye atabaki kule na viti vyake, ataishi. Ukikataa, hutajua alikohamia. Unadhani msitu ni mdogo?" Akapaza sauti: "Gia Moja! Geuza trekta. Panda kambini, mpakie yule fundi wa kushoto na virago vyake, mvushe ng'ambo ya mto. Usisimame njiani."

"Sasa hivi, bosi?"

"Jana!"

Akazigonga nondo kwa ukucha. "Hizi nilichomelea mwenyewe. Msijichoshe. Nakwenda kumpokea mwenye nyumba njia panda, nitamwambia rangi haijakauka, aje siku nyingine."

Gari likaondoka. Vumbi likaingia dirishani, likatua juu ya meza ambayo Fundi Gome aliipiga nta siku mbili.

Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani na viatu vyake, mdomo umesinyaa.

"Nimeharibu," akasema. "Ulinifunga mdomo, nikaufungua. Niue."

"Nitakuua tukitoka. Sasa hivi nahitaji mikono yako."

"Yule mwenye trekta ataondoka!"

"Yule? Ana tela refu na njia nyembamba. Na ni Gia Moja. Kugeuza tu kutamchukua muda. Lete hicho chuma cha jiko."

Kilikuwa chuma cha kuchochea moto, kimechongoka ncha. Fundi Gome akasukuma meza hadi mlangoni, akapanda juu. Nje trekta lilikuwa linaunguruma mbele, linarudi nyuma, mbele, nyuma, mnyororo ukilia kila mara.

Akaiweka ncha kwenye ubao wa nakshi. Ndege wake wakawa mbele ya macho yake kabisa. Alikuwa amewachonga kila unyoya.

"Nini kinakusimamisha?" mama mkwe akamfokea toka chini. "Piga!"

"Huyu wa kushoto ni yeye, mama."

"Yeye yuko kambini, ana mguu mbovu, anangoja! Huo ni ubao! Piga!"

Akajua pa kupiga, maana ndiye aliyepachonga. Katikati ya midomo miwili alipunguza mti mpaka ukawa mwembamba kama karatasi, ili mwanga upite. Hapo ndipo penye udhaifu.

"Nipe kile kigoda cha gogo."

Mama mkwe akakiinua kigoda kwa kuguna, akamfikishia. Fundi Gome akakishika kama nyundo, akapiga kitako cha chuma.

Ta!

Hakuna.

Ta! Ta!

Ufa ukatokea, mwembamba kama unywele, ukatambaa kwenye shingo ya ndege mmoja.

Nje trekta likanyamaza. Wote wawili wakashika pumzi. Kisha likawaka tena, na safari hii mlio ukaanza kusogea. Amegeuza.

"Anaondoka! Mkwe, anaondoka!"

Fundi Gome akapiga akiwa amefumba macho. Ubao ukapasuka kwa kishindo cha bunduki. Nusu moja ikaruka juu ya meza, nusu ya pili akaing'oa kwa mikono, vibanzi vikimwingia chini ya kucha. Juu ya mlango pakabaki pengo jeusi, na nyumba nzima ikatoa mlio kama wa mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

Fremu ikalegea.

Akaruka chini, akaisukuma meza pembeni, akaingiza chuma kwenye tundu la kitasa. Wakavuta. Mlango ukalia, ukasogea, ukafunguka kiasi cha bega.

Kabla hajapita, kitu kikamsukuma mbavuni. Ni mama mkwe, anapita chini ya mkono wake, anakokota kiti.

"Mama, kiache!"

"Nikiache? Wewe umewahi kuzaa?"

Njia ya kutoka pale kilimani ni moja, imebanwa na marundo ya magogo huku na huku. Trekta lilikuwa linateremka kwa mwendo wa kobe mwenye mawazo. Mama mkwe hakulikimbiza. Alikata katikati ya marundo, pale wanapopita mbuzi tu, akatokea mbele yake, akakiweka kiti katikati ya njia.

Akakaa. Akapanga gauni magotini. Akaweka fimbo mapajani.

Honi ikapigwa. Ikapigwa tena.

"Bibi, ondoka!"

"Nikanyage."

"Bibi, mimi mtu wa kutumwa tu!"

"Basi tumwa unikanyage. Ila ujue kiti hiki ni cha mwanangu, kitatoboa tairi zako kabla mimi sijafa."

Trekta likasimama, pua yake ikimpumulia mama mkwe usoni. Fundi Gome akafika anatweta, vidole vinavuja damu.

"Shuka," akamwambia dereva. "Shuka, au nipande nami unipeleke kambini kwa mume wangu."

Gia Moja hakushuka. Alivua kofia, akaigeuzageuza. Sasa hakumtazama mama mkwe. Alikuwa anamtazama Fundi Gome, na macho yake hayakuwa ya mtu anayeogopa bosi. Yalikuwa ya mtu anayemwogopa *yeye*.

"Siwezi kukupeleka wewe, shemeji."

"Kwa nini?"

"Bosi amesema kweli moja. Hakuna aliyemfunga kamba. Nimemwambia Mashoto mara nyingi, panda tela nikushushe nyumbani. Hataki."

"Hataki kumwona mama yake?" mama mkwe akauliza.

"Mama yake anamlilia kila siku. Asiyetaka kumwona ni mkewe. Anasema siku ile aliinua macho, na mkono wa mwisho aliouona kwenye ndoano ya mnyororo ulikuwa wa mkewe. Mnyororo ukafunguka."

Upepo ukapita kwenye misonobari.

Mama mkwe akageuza shingo, polepole, kama bawaba iliyokosa mafuta.

"Mkwe. Siku ile ulikuwepo mtoni?"

Fundi Gome akafungua mdomo. Akayaona yote tena: jua, rundo, mumewe chini akipima gogo, na yeye amefika na kikapu cha chakula mkononi, ardhi yote matope, hakuna mahali pasafi pa kukiweka. Isipokuwa pale juu, kwenye ndoano iliyoshika mnyororo wa rundo.

Alikitundika. Akaondoka bila kuaga, ili amshtukize. Na kwa mwaka mzima hakumwambia mtu.

"Nilitundika kikapu, mama," akasema. "Kikapu tu."

Mama mkwe alimtazama. Alivitazama vile vidole vyenye damu. Kisha akaiweka fimbo chini, akaiegemea, akainuka.

Akasogea kando ya njia, akamwachia dereva apite.

Kiti kikabaki peke yake mbele ya trekta, kitupu, na nyuma yake Fundi Gome amesimama kati ya marundo mawili ya magogo.

Gia Moja akavaa kofia yake. Akatia gia.